Mume Wangu Alfonsi

Sura ya Nane

Kofi la kwanza lilimpata Justa, na wala halikuwa lake. Lilikuwa limetumwa kwa Marsiana. Ila Justa ni mtu ambaye tangu azaliwe hajapita karibu na ugomvi bila kuingia kuusalimia. Akajitosa katikati na mwiko wa pilau mkononi, akalipokea yeye, paa! shavu la kushoto, mbele ya wageni na wenyeji, saa saba na nusu mchana, Jumamosi ambayo ilikuwa iwe ya kupanga tarehe ya ndoa.

"Ee!" akasema Justa. Hakulia. Aliupapasa uso kama anayehakiki kama umebaki wote. "Mzee, umenipiga mimi?"

"Kaa pembeni. Sina shida na wewe," akajibu Mzee Alfonsi, anatweta. "Mimi nimemfuata mke wangu. Si ananiita? Nchi nzima inasikia ananiita. Haya, mke wangu, nimekuja. Nipo!"

Uani kwa Mama Leticia, mama yake Marsiana, pale Kibaoni, walikuwepo watu si chini ya arobaini, wapikaji, walaji, na wale waliokuja tu kuona mkwe amevaa nini.  Kilichoendelea kusema ni spika peke yake, ile kubwa ya kukodi iliyowekwa juu ya stuli karibu na mlango wa jiko, na ilichokuwa inasema ni kilekile kilichomleta mzee:

*Mume wangu Alfonsi, umeniacha na nani,*
*Kiti chako kimepoa, nakikalia barazani...*

Marsiana alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka mle, tamu, imelegea, ikibembeleza. Akatamani angeweza kuishika koo aikabe.

Wimbo ulikuwa wiki ya sita namba moja. Hakuna redio ambayo haikuuweka kileleni mwa chati yake. Bodaboda wote wa Ifakara walikuwa nao, saluni zilikuwa nao, hata mapadri, inasemekana, walikuwa wanauvumilia. Lumemo Sistaz walikuwa watatu. Marsiana alishika sauti ya mbele, Justa sauti nene ya chini, na Omega sauti nyembamba kama uzi, ambayo ndiyo iliyozishona zile nyingine mbili. Walianzia kwaya ya kanisa, wakaishia studio ya Dar es Salaam na wimbo wa taratibu, ule muziki wa soul wa kinanda na besi, unaomfanya mtu asahau chungu jikoni.

Na Alfonsi wa kwenye wimbo alikuwa babu. Babu mzaa mama, fundi cherehani wa hapohapo Kibaoni, aliyemlea Marsiana tangu akiwa wa kubebwa, na kama babu yeyote alimwita mjukuu wake mke wangu. Mke wangu njoo ule. Mke wangu, umefaulu hesabu? Alipokufa, Marsiana akamtungia beti tatu. Ule wa tatu ndio uliosema wazi kwamba ni babu, pamoja na miwani yake ya kufunga na uzi. Kule studio mtayarishaji akaukata. "Dada, wimbo mrefu," alisema. "Halafu babu hauzi. Mume anauza." Na kweli, mume akauza.

Kwamba baba wa mchumba wake Evod naye anaitwa Alfonsi, hilo Marsiana alilijua, na walikuwa wameshalicheka wawili na Evod wake. Bonde hili lina kina Alfonsi wengi kuliko viboko. Asichokijua ni kwamba katika ukoo wa kina Evod, watu wa Mngeta, mkwe wa kike hatamki jina la baba mkwe. Si hadharani, si chumbani. Mke wa Nikodemu, kaka yake Evod, ana jirani anayeitwa Alfonsi, na mwaka wa kumi huu anamwita "yule wa bati jekundu".

Basi asubuhi ya siku hiyo mzee alikwenda mashine ya Kibaoni kukoboa mpunga aliouleta kwa ugeni. Makuli wa mashineni hawana dogo. Walipomwona anashusha gunia, walizima mashine makusudi ili wasikike, wakajipanga mstari, wakamwimbia. Mmoja akapiga magoti kabisa. "Alfonsi, mkeo anakuita redioni, itika!" Mwingine akauliza lile swali ambalo mzee alitembea nalo njia nzima mpaka hapa uani: "Sasa mzee, huyo binti anaolewa na wewe au na mwanao? Au mtagawana wiki?"

"Baba," akasema Marsiana. Alipita mbele ya Justa, akapiga goti. "Shikamoo baba. Nisikilize kwanza. Yule ni babu yangu. Aliyekufa. Muulize mama."

"Ni baba yangu mzazi, mzazi mwenzangu," akasema Mama Leticia, mikono imejaa unga. "Kaburi lake liko hapo nyuma, njoo nikuoneshe."

"Neno babu liko wapi humo?" Mzee akaielekeza spika kidole. "Liko wapi? Haya, nioneshe! Naambiwa kiti changu kimepoa. Naambiwa shuka langu bado lina harufu yangu! Binti anamwimbia babu yake harufu ya shuka?"

"Alikuwa ananibeba nikilala..."

"Na hata angekuwa babu! Hukujua jina langu? Posa ilipokuja hapa haikusomwa? Mtoto wa Alfonsi! Ukasikia, ukapokea, ukaenda kulitandika redioni kama mkeka, kila kuli wa mashineni anafutia miguu!"

"Mzee, punguza sauti, hapa ni kwa watu," akasema Mjomba Stanislaus, akiinuka polepole. Huyu alikata miwa kwenye mashamba ya sukari miaka ishirini na miwili. Mabega yake yalikuwa bado hayajapata habari kwamba amestaafu. "Mkubwa anakuja na hoja, haji na makofi."

"Wewe nani?"

"Mjomba wa bibi harusi."

"Hakuna bibi harusi hapa!" Mzee Alfonsi akapiga kifua. "Posa ninaivunja leo, mchana huu, mbele ya macho ya watu. Mwanangu haoi mke wa baba yake!"

Wanawake wakapiga yowe. Na mzee, kama vile yowe lile ndilo lililompa nguvu, akageuka, akanyakua mchi uliokuwa umelala kando ya kinu, akaubeba juu kwa mikono miwili, akaushusha kwenye spika. Spika ikapasuka kama boga. Akaipiga tena. Stuli ikaenda chini, waya zikatoka, kitu kikatoa cheche, na kisha kukawa kimya.

Halafu kwa jirani, ng'ambo ya ua wa mabua, redio ikaendelea pale pale spika ilipoishia:

*...umeniacha na nani...*

Mtu akacheka. Haijulikani mpaka leo ni nani, ila wengi wanamtaja Omega. Kilikuwa kicheko kidogo tu, cha puani, kilichoponyoka. Kilitosha. Mzee akageuka na mchi wake, Mjomba Stanislaus akamrukia kiunoni, Nikodemu, aliyekuja na baba yake na hadi hapo alikuwa amesimama getini kwa aibu, akaona baba anaangushwa, akachukua kiti cha plastiki akamvunjia mjomba mgongoni.

Basi tena.

Sufuria la pilau, kilo kumi za mchele wa Ifakara na nyama yake, lilikwenda chini la kwanza. Watu wakapigana juu yake wakiteleza. Mjomba Stanislaus alimshika Nikodemu ukosi, akampiga kichwa cha uso, damu ikaruka mpaka kwenye kanga iliyoanikwa. Wajomba wengine wakaingia, waliokuja na mzee kutoka Mngeta wakaingia. Mtu alimwagiwa mchuzi wa kambale, akakimbia uani kote akitukana kwa Kipogoro. Justa, ambaye kofi lake lilikuwa bado halijalipwa, alimpanda mgongoni jamaa mmoja mrefu asiyemjua, akamng'ata sikio, na yule jamaa anapiga kelele "Mimi ni jirani! Mimi ni jirani!" naye anajibu bila kufungua meno, "Ungekaa kwako!"

Marsiana hakupigana. Alikuwa bado amepiga goti palepale, wali wa moto umemrukia magotini, anamtazama mzee. Maana mzee alikuwa ameinuka. Kofia imeanguka, nywele nyeupe zimesimama, mchi bado mkononi. Na alikuwa anakuja kwake, hana haraka.

"Nyamazisha," alisema. Alikuwa analia, na hilo ndilo lililomtisha Marsiana kuliko mchi. "Inyamazishe hiyo sauti, wewe mtoto."

"Siwezi, baba. Iko kila mahali."

"Nyamazisha!"

"Baba!"

Evod aliingilia mlango wa nyuma. Alikuwa ametumwa kreti za soda sokoni, na moja bado ilikuwa begani kwake. Fundi wa pawatila, vile vitrekta vya kulimia mpunga, mikono haiishi grisi hata siku ya kwenda ukweni. Shati jeupe la leo lilikuwa tayari na alama ya kidole kwenye mfuko. Alitazama uani mara moja. Alimwona kaka yake ameketi kwenye pilau anashika pua. Kisha akamwona Marsiana, na macho yao yakashikana kama yalivyoshikana siku ile ya kwanza pale kivukoni, Evod alipomtengenezea baiskeli kisha yeye mwenyewe akakataa kuondoka. Kreti ikaanguka. Chupa zikapasuka zote kwa pamoja.

Alifika katikati yao kwa hatua tatu.

"Ondoka, Evod," akasema mzee.

"Unataka kumpiga mwenye kosa?"

"Nimesema ondoka!"

"Basi nipige mimi. Mimi nilijua."

Mchi ukasimama hewani.

"Ulijua nini?"

"Wimbo niliusikia kabla haujarekodiwa. Aliniimbia. Nikasikia jina lako, Baba, nikajua kwetu halitajwi. Yeye hakujua, hakuna aliyemwambia. Kazi ya kumwambia ilikuwa yangu. Sikumwambia." Evod alijisogeza amfunike Marsiana zaidi. "Nilimwambia aimbe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mzuri."

Lilikuwa jibu la kijinga, na lilikuwa la kweli, na labda lingekuwa jibu lingine lolote mzee angeshusha mikono. Badala yake alipiga kwa mchi. Evod akainua mkono wa kushoto kujikinga, na mfupa wa mkono ule ulilia kama muwa unaovunjwa gotini. Mchi ukapita ukamgusa na kichwani, juu ya sikio. Alikwenda chini bila kusema kitu, juu ya mapaja ya Marsiana, kana kwamba amejilaza mwenyewe.

Uani kote watu waliachiana.

Damu ilikuwa ya moto kuliko wali. Marsiana aliishika ile sehemu juu ya sikio kwa kiganja, ikapita katikati ya vidole. Akainua uso. Mzee Alfonsi alikuwa anautazama mchi kama mtu aliyepewa ashike kwa dakika moja na mwenyewe hajarudi.

"Umemuua," Marsiana akamwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Umeridhika? Umemuua mwanao kwa ajili ya makuli."

  Mchi ukamponyoka mzee, naye akarudi nyuma, nyuma, mpaka akapotea kwenye watu.

"Bajaji!" Justa alikuwa ameliachia sikio la jirani na sasa anapiga kelele kwa ile sauti nene iliyopendwa na nchi nzima. "Nani ana bajaji? Wewe wa sikio, una bajaji wewe? Leta!"

Alikuwa nayo.

*

Evod alizinduka kabla hawajavuka barabara ya lami. Kichwa chake kilikuwa kifuani kwa Marsiana, mkono umefungwa kwa kanga ya Mama Leticia. Mama mwenyewe alikuwa amekaa mbele na yule jirani, ananung'unika rozari na matusi kwa zamu.

"Marsi."

"Usiongee."

"Umeumia?"

"Nimesema usiongee."

Bajaji ikaingia shimo. Evod akauma meno, jasho likamtoka. Alipopata pumzi akasema, "Hospitali watauliza. Sema nimeanguka kwenye pawatila."

Marsiana alimtazama. Uso aliokuwa anaupenda kupita nyimbo zote, kope ndefu kama za mtoto wa kike, na tone la damu limeganda kwenye mojawapo. Akaona hasira inapanda kutoka tumboni kama maziwa kwenye moto, na hakuwahi kuitoa sufuria jikoni. Alimzaba kofi. Mtu aliyevunjika mkono, aliyepasuka kichwa, alimzaba kofi la shavu, likasikika mbele.

"Marsiana!" mama akageuka. "Unamaliza alichobakiza baba yake?"

"Ulijua!" Marsiana hakumsikia mama. "Miezi saba, Evod! Miezi saba tumekaa, tumecheka, babu yangu na baba yako majina sawa, ha ha ha, nawe unajua! Ukaniacha niende kujivua nguo redioni mbele ya baba yako!"

"Ningekuambia, ungelitoa jina."

"Ningelitoa! Ningeweka lingine!"

"Ungeweka lipi? Siku ile unaniimbia ulikuwa unalia, Marsi. Kila ukifika kwenye jina sauti inakatika. Nikasema huyu nikimwambia ukweli ataweka jina la uongo, na hatalia tena, na wimbo utakufa."

"Ni wimbo wangu. Ungeniacha niuue mwenyewe."

"Ndiyo," akasema Evod, macho yamefumba. "Hapo ndipo nilipokosea."

"Ulimwogopa baba yako?"

"Nilikuogopa wewe. Ungesema basi, ndoa hii ina masharti, niache na wimbo wangu. Nilitaka vyote. Wewe na wimbo."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno kama yale. Hata yeye mwenyewe hakuwa amewahi kuyaandika. Alitaka kumpiga tena. Badala yake aliinama, akaweka mdomo wake kwenye kile kishavu alichokipiga, akauacha hapo, na machozi yakaanza, mengi, ya kelele, yale ya watoto.

"Shavu linawaka," Evod akanong'ona.

"Liwake."

"Marsi, sema nimeanguka. Yule ni mzee. Wakimweka ndani hatatoka mzima."

Marsiana akamfuta lile tone la damu kwenye kope.

*

Hospitali ilikuwa imejaa, kama Jumamosi zote. Evod aliingizwa ndani kwenye kitanda cha magurudumu, na Marsiana akabaki kwenye dirisha la mapokezi na mama yake. Gauni la sherehe lilikuwa limekauka damu upande mmoja, mchuzi upande wa pili. Nesi wa dirishani, mama mnene mwenye kalamu mbili nyweleni, hakuinua uso.

"Jina la mgonjwa?"

"Evod."

"Umri?"

"Ishirini na tisa."

"Ameanguka au amepigwa?"

 Mama Leticia akamsukuma kiwiko.

"Daktari amesema kichwa kile hakikuanguka," nesi akasema, bado anaandika. "Tunamtibu, usiogope. Ila kama amepigwa lazima iletwe fomu ya PF3 kutoka polisi, na mimi hapa naandika maelezo. Amepigwa?"

"Amepigwa," akasema Marsiana.

"Na nani?"

Neno lilikuwa pale. Lilikuwa limekaa nyuma ya meno, fupi, limeandaliwa. Angelitamka tu, mzee yule aliyempiga Justa, aliyeivunja posa mbele ya watu arobaini, aliyempasua Evod wake, angelala ndani leo leo. Na alilitaka. Mungu alijua alivyolitaka. Alitaka kulitamka kwa sauti kubwa, mara tatu, kwa kinanda na besi.

"Mtaje," mama akamwambia sikioni. "Mtaje akaozee huko. Ameniaibisha, akamwaga kilo kumi za mchele wangu."

"Mama, ngoja."

"Unangoja nini? Ukwe umekufa, amesema mwenyewe! Huna mkwe, mwanangu, huna heshima ya mtu ya kulinda. Mtaje!"

"Dada," nesi akasema, "foleni hiyo nyuma yako. Basi tuanze na hili jepesi. Evod nani? Jina la baba."

Marsiana alifungua mdomo. Akaufunga.

"Hulijui?"

"Nalijua."

"Sasa?"

"Siwezi kulitaja."

Nesi akainua uso kwa mara ya kwanza. Akamtazama, akaegemea mbele, kalamu moja ikaanguka. "Subiri kwanza. Wewe si yule wa redioni? Wa *Mume Wangu Alfonsi*? Jamani, ni wewe! Mume wangu nyumbani ananiudhi na huo wimbo, yeye siyo hata Alfonsi." Kisha kazi ikamrudia usoni. "Mtu unalitaja jina la bwana mara ishirini kwa dakika tatu, leo jina la baba wa mgonjwa linakushinda?"

"Ni baba mkwe wangu," akasema Marsiana. "Kwetu halitajwi."

Mama Leticia akashika mdomo. Kwetu! Mtoto wa Kibaoni, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka mashineni, anasema kwetu.

"Haya," nesi akasema taratibu. "Na aliyempiga?"

"Naye siwezi kumtaja."

"Naye pia?"

"Naye pia."

Nesi akaweka kalamu chini. Alikuwa amekaa dirisha lile miaka mingi, akasikia walioanguka wengi ambao hawakuanguka. Alimtazama binti, akamtazama mama, halafu macho yake yakapanda juu ya bega la Marsiana, yakasimama huko.

"Andika Alfonsi," sauti ikasema.

Marsiana hakugeuka. Aliijua pumzi ile. Watu wa foleni walikuwa wanasogea, wanampisha mtu asiye na kofia, shati limefunguka vifungo, miguu ina vumbi mpaka magotini kwa mwendo wa kukimbia. Alifika dirishani, akasimama pembeni kidogo, mahali ambapo mkono wake usingemgusa binti kwa bahati mbaya.

"Alfonsi nani, mzee?"

"Alfonsi Ligunda. Ndilo jina la baba yake. Mkulima, Mngeta."

"Na hapa chini, panaposema aliyempiga?"

"Andika hilo hilo."

Kalamu haikusogea. 

"Unajua maana yake, mzee?" nesi akauliza. "Polisi wako hapo nje tu."

"Nimepita kwao, mama. Nimewaambia nianze huku, nimwone kama anapumua, ndipo nirudi. Anapumua?"

"Anapumua. Mkono wataunyoosha. Kichwa kimeshonwa."

Mzee Alfonsi akashika ukingo wa dirisha kwa mikono yote miwili. Mabega yakamshuka. 

"Saini ya matibabu atatia nani? Ndugu wa karibu," nesi akasema. "Wewe mwenyewe unakwenda polisi. Na huyu dada ni nani wa mgonjwa?"

Hapo ndipo Marsiana alipogeuka. Alimtazama mzee usoni, kavu, bila goti na bila msamaha, asikie atakachosema. Macho ya mzee yalikuwa mekundu. Hayakukimbia.

"Huyu ni mkwe wangu," akamwambia nesi. "Saini atatia yeye, na ukiwa na la kuuliza lolote muulize yeye. Jina langu tu, mama. Jina langu usimuulize."